Gofu ya Kiganjani na Walioikunjia Uso

Neno "gofu" halikuzaliwa na bahati katika Kiswahili. Kabla Waingereza hawajaleta fimbo zao na mipira yao midogo myeupe, gofu lilikuwa na maana yake tayari: nyumba iliyotokwa na paa, kuta zimesimama bila ya mwenyewe, majani yameota sebuleni. Pwani imejaa magofu ya namna hiyo, tangu Gedi hadi Kua. Kwa hivyo mtu wa pwani akiambiwa kwamba fulani, mtu mzima mwenye ndevu zake, amekaa barazani anacheza gofu katika kidude cha mkononi, moyo wake huwa umekwishahukumu kabla ya maelezo: hilo ni gofu juu ya gofu, wakati uliobomoka ndani ya kioo kisichozidi upana wa vidole vitatu.

Hukumu hii imezoeleka hasa miongoni mwa watu wa kalamu. Hutolewa kwa pumzi moja, bila ya ushahidi, na aghalabu na mtu ambaye hajapata kukishika hicho kidude. Husemwa kuwa ni mchezo wa kitoto. Kuwa si michezo ya kweli wala si sanaa ya kweli. Kuwa ni vikatuni vyenye vichwa vikubwa kuliko viwiliwili vinavyorukaruka na kupigiana makofi mpira ukiingia shimoni. Lau ungekuwa ni mchezo wa vita, au kisa kirefu cha huzuni chenye muziki wa fidla, baadhi yao wangelegeza kamba na kukubali kwamba huenda pana kitu. Lakini gofu! Tena gofu ya mzaha! Hapo hata wale wanaojigamba kuwa wanazielewa sanaa za zama hizi huanza kutafuta viatu vyao mlangoni.

Makala haya yanasimama upande wa pili wa ukumbi. Dai lake ni kwamba mchezo huu, na hasa ukiwa wa mzaha, na hasa ukiwa wa mkononi, umefungwa kwa kanuni kali kama zilivyofungwa sanaa chache za karne hizi mbili, na kwamba wapenzi wa mashairi ndio watu wa mwisho wenye haki ya kuudharau.

Kwanza itazamwe kazi yenyewe ilivyo. Kwenye kioo pana mchezaji na fimbo yake; pana majani, mchanga, maji, na mbali kidogo shimo lenye bendera. Pembeni pana mshale unaoonyesha upepo unakokwenda, na nambari ya nguvu zake. Chini pana utepe. Kitufe kikibonyezwa mara ya kwanza, alama ndogo huanza safari juu ya utepe huo. Kikibonyezwa mara ya pili, nguvu ya pigo huwa imekwishapimwa, na haiongezwi tena wala haipunguzwi. Alama hurudi mbio ilikotoka, na hapo kitufe hubonyezwa mara ya tatu, alama iwapo juu ya mstari hasa. Mchezaji akiwahi, mpira hupinda upande mmoja. Akichelewa, hupinda upande wa pili. Basi, ni hayo tu. Hakuna kitufe cha kuomba radhi.

Mpango huu wa mibonyezo mitatu ulipata umbo lake maarufu mwaka 1984, katika mchezo ulioitwa Golf tu, bila ya pambo, uliotolewa na Nintendo kwa mashine ya Famicom. Aliyeiandika programu yake ni kijana wa kampuni ya HAL Laboratory, Satoru Iwata, ambaye baadaye alikuja kuwa rais wa Nintendo. Alisimulia mwenyewe kwamba makampuni mengine yalikuwa yameikataa kazi hiyo, kwa kuona kwamba uwanja wa mashimo 18 hauwezi kuingia katika kumbukumbu finyu ya kaseti za wakati ule. Yeye akabuni njia yake ya kuikunja ramani ya uwanja, ikakunjika, ikaingia. Mwaka 1989 ikatoka mashine ya mkononi ya Game Boy, na katika mwaka huohuo gofu ikaingia ndani yake: kioo cha nukta 160 kwa 144, rangi nne tu za kijivujivu, betri nne.

Mtunzi wa tarbia na aisome tena aya hiyo polepole. Anayo mizani 16 katika mshororo: minane ukwapi, minane utao. Anacho kina cha kati, anacho kina cha mwisho. Anajua kwamba neno zuri kupita yote aliyonayo, likizidi kwa silabi moja, halina nafasi, na kwamba kulikatakata ili liingie ni aibu ambayo wasikilizaji wataisikia kabla yeye hajaiona. Kijana wa mwaka 1984 aliyezikunja ramani 18 ndani ya kaseti isiyotaka kuzipokea alikuwa katika hali hiyohiyo. Na mchezaji naye yumo katika hali hiyo kila apigapo: mbonyezo wa pili ni kina cha kati, wa tatu ni kina cha mwisho, na ukikosea wa kati huwezi kuuokoa mshororo kwa ufundi wa mwishoni. Wanaojaza mizani kwa maneno yasiyo na kazi, na wapo wengi, watajifahamu upesi katika gofu: ndio wanaopiga kila mpira kwa nguvu zote, kisha wakashangaa umefikaje majini.

(Wa mashairi huru nao wasicheke pembeni. Tangu miaka ya 1970 wamekuwa wakieleza kwamba uhuru wao nao una nidhamu yake ya ndani. Ikiwa ni kweli, na ni kweli, basi nao wanajua kupima pumzi bila ya kuhesabu vidole, na alama ile inayorudi mbio juu ya utepe haitowapa shida.)

Huambiwa basi: kanuni si hoja, hata kuhesabu punje za mchele kuna kanuni. Kinachokosekana ni uzito. Mchezo wa mzaha hauna la kusema juu ya maisha ya watu.

Hapa ndipo wenye kudharau hujifunga wenyewe, kwa sababu mzaha huo una historia, na historia hiyo si nyepesi hata kidogo. Gofu ya kweli ni mchezo wa ardhi na wa lango. Uwanja wa mashimo 18 hula aghalabu hekta 50 na zaidi, na maji ya kuunywesha, na watu wa kuukata majani, na mtu wa kusimama mlangoni kuuliza wewe ni nani. Hata Unguja, enzi za Waingereza, sehemu ya viwanja vya Mnazi Mmoja ilikuwa ya gofu, na waliozibeba fimbo sio waliozipiga. Huko Japani lango lilipanda hadi mawinguni. Katika miaka ya 1980, mali ilipofura kama andazi ndani ya mafuta, uanachama wa vilabu vya gofu uligeuka kuwa bidhaa ya kununuliwa na kuuzwa kama hisa, hata gazeti la fedha la Nikkei likaanzisha kipimo maalumu cha kufuatilia bei zake. Uanachama wa vilabu vya juu kabisa ulizidi bei ya nyumba nzuri. Kisha povu likapasuka mwanzoni mwa miaka ya 1990, vilabu vingi vikafilisika, na waliotoa amana zao wakabaki na karatasi. Hayo ndiyo magofu ya kweli katika kisa hiki, kwa maana zote mbili za neno.

Katika vumbi hilo, mwaka 1997, ukatoka mchezo wa Minna no Golf kwa mashine ya PlayStation, uliotengenezwa na Camelot. Tafsiri ya jina hilo ni "Gofu ya Watu Wote". Watu wenye vichwa vikubwa, miguu mifupi, nguo za rangi kali, na ile mibonyezo mitatu. Toleo la pili, la mwaka 1999, lilitengenezwa na kampuni ya Clap Hanz, iliyoendelea nao kwa miaka mingi. Na Sony ilipotoa mashine yake ya kwanza ya mkononi, PSP, tarehe 12 Desemba 2004, Minna no Golf ilikuwa miongoni mwa michezo ya siku ile ile ya kwanza. Aliyekuwa hawezi hata kulikaribia lango la klabu aliweza kuzunguka mashimo 18 akiwa kitini ndani ya treni, baina ya kazini na nyumbani. Jina hilo halikuwa la bahati nasibu, wala vichwa vikubwa havikuwa vya kuchekesha watoto peke yao. Ulaya jina likatafsiriwa ipasavyo, Everybody's Golf. Marekani likawekwa jina la Hot Shots Golf, yaani gofu ya mafundi hodari. Wale "wote" wakatupwa nje ya jalada, na bila shaka aliyefanya hivyo aliona ameuza vizuri.

Lipo lango jengine. Klabu ya Kasumigaseki, karibu na Tokyo, ambayo iliteuliwa kuwa uwanja wa gofu wa michezo ya Olimpiki iliyopangiwa mwaka 2020, haikuwakubali wanawake kuwa wanachama kamili hadi Machi 2017, na ilifanya hivyo baada ya kubanwa. Augusta National ya Marekani ilimpokea mwanachama wake wa kwanza mweusi mwaka 1990, na wanawake wa kwanza mwaka 2012. Sasa itazamwe kaseti ndogo ya Mario Golf ya Game Boy Color, iliyotoka mwaka 1999. Anayeifungua huchagua mmoja kati ya vijana wanne, na wawili kati yao ni wasichana, Sherry na Azalea. Kijana huyo huanza akiwa si lolote si chochote. Hulala katika chumba cha klabu, huzungumza na mafundi wa fimbo na wenzake wanafunzi, hujifunza, hupanda daraja kwa daraja, na Mario mwenyewe, ambaye jina lake liko jaladani, humwona mwishoni kabisa, akiwa ndiye bingwa wa kumshinda. Hakuna anayemuuliza Azalea anafanya nini pale. Katuni lilifika miaka 18 kabla ya Kasumigaseki. Mwenye kusema kwamba mchezo wa mzaha hauna la kusema juu ya maisha ya watu na aeleze kwanza kwa nini wazee wenye uzito walichelewa kiasi hicho.

Wakosoaji wenye akili zaidi hawasemi hayo. Wao husema: ikiwa ni lazima pawe na gofu ya kioo, basi iwe ile inayofanana na gofu yenyewe, yenye wachezaji wa kweli, viwanja vya kweli, na kila unyasi mahali pake. Mfano wao ni mfululizo uliobeba jina la Tiger Woods kuanzia mwaka 1998 hadi 2013. Hii ni hoja ya kuheshimiwa, na ni hoja mbovu. Ni sawa na kusema kwamba utenzi wa vita hauna kweli kwa kuwa farasi ndani yake hawana uzito na panga hazina bei. Gofu si unyasi. Gofu ni kusimama mbele ya kitu kisichotikisika, hakuna wa kukukimbilia wala wa kukupora, ukakikosea kwa kosa lako mwenyewe. Kioo kinachohangaika kuonyesha umande juu ya kila jani kinampa mtazamaji mahali pa kujificha: anaweza kutazama mandhari. Kioo cha rangi nne hakimpi. Kinambakishia alama, mstari na kidole chake.

Aliyeliona jambo hili mapema kuliko wote ni Gunpei Yokoi wa Nintendo, ambaye husimuliwa kwamba alipata wazo la mashine ya mkononi kwa kumtazama abiria wa treni aliyekuwa akijipotezea muda kwa kubonyezabonyeza kikokotoo. Kwake teknolojia bora si ile mpya, bali ile iliyokwishazeeka, rahisi na inayojulikana, ikatumiwa kwa njia ambayo hakuna aliyeifikiria. Kutoka hapo zikaja Game & Watch mwaka 1980, kisha Game Boy. Washindani wake, Atari Lynx na Game Gear ya Sega, walikuwa na rangi. Pia walikuwa na njaa ya betri isiyoshibishika. Game Boy isiyo na rangi ikawashinda wote wawili. Mshairi anayeweza kusema jambo kwa kitenzi kimoja na asiongeze kivumishi hahitaji kuelezwa zaidi.

Kuhusu mzaha wenyewe, inashangaza kwamba lawama itoke pwani. Katika fani ipi ya huku ndimo mzaha ulimohesabiwa kuwa dalili ya utupu? Washairi wamejibizana kwa kejeli tangu zama za Muyaka wa Mombasa na kabla yake. Wamefumbiana, wamechekana, wamevishana majina, na hakuna aliyesema kwamba ubeti wa kumcheka mtu ni rahisi kuutunga. Wanaojua husema kinyume chake. Msiba humbeba mtunzi mchanga, humpa machozi ya kukopa. Mzaha haumbebi mtu: mizani ikikosewa katika shairi la kuchekesha, kinachochekwa ni mtunzi. Mchezaji mwenye kichwa kikubwa anayejikuna kisogo baada ya mpira kutumbukia mchangani anafanya kazi hiyo hiyo. Anaiondoa aibu pale ambapo gofu ya kweli huipanda na kuimwagilia maji.

Na kama bado uzito unatakiwa, upo mmoja wa kutosha. Satoru Iwata alifariki tarehe 11 Julai 2015. Mwaka 2017, miezi kadhaa baada ya mashine ya Nintendo Switch kuuzwa duniani, watu wenye udadisi waligundua kwamba ndani ya mashine hiyo kulikuwa na mchezo uliofichwa, ambao haukutajwa katika orodha yoyote. Ulikuwa ni ule ule Golf wa mwaka 1984. Haukufunguka kwa kitufe. Ulifunguka iwapo saa ya ndani ya mashine ilionyesha tarehe 11 Julai, na mwenye kuishika akafanya kwa mikono yake ishara ambayo Iwata alizoea kuifanya katika hotuba zake za video: mikono miwili mbele, ikisogezwa kuelekea kwa msikilizaji. Nintendo haikutoa maelezo. Baadhi ya Wajapani walisema kuwa ni hirizi, mfano wa zile zinazochukuliwa hekaluni na kuwekwa ndani ya kitu ili kikilinde. Masahihisho ya baadaye ya programu ya mashine yaliuondoa mchezo huo, kimya kimya kama ulivyowekwa.

Wapenzi wa marsiya na walipime tukio hili kwa vipimo vyao. Mtu amekufa, wenzake hawakuandika ubao wala hawakusimamisha sanamu. Walichukua kazi yake ya ujanani, ile iliyokataliwa na wengine kuwa haiwezekani, wakaizika katika kila mashine waliyoiuza, ikiwa na siku yake moja kwa mwaka na ishara yake moja ya mkono, bila ya kumwambia yeyote. Hakuna aliyeombwa kulia. Kazi yenyewe ni mtu mdogo mnene mwenye masharubu anayepiga mpira kuelekea kwenye bendera. Nani atathubutu kusema kwamba maombolezo hayo yangekuwa na heshima zaidi lau ule mchezo ungekuwa wa huzuni?

Yote haya hayafuti lawama moja iliyo ya haki. Wapo wanaopotelea ndani ya vioo, wakapoteza usingizi, masomo na kazi; Shirika la Afya Duniani liliuingiza ugonjwa wa michezo ya kompyuta katika orodha yake mpya ya maradhi, iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika mwaka 2022. Kulikana hilo ni ujinga. Lakini anayelaani na aseme analaani kitu gani hasa. Gofu ya kaseti ina mashimo 18. Baada ya shimo la 18 kuna kadi ya mapigo, na baada ya kadi hakuna kitu. Mashine huzimwa, betri hupumzika, mtu huenda kuswali au kulala. Mchezo wenye mwisho humwachia mchezaji mlango wa kutokea, kama shairi lenye kimalizio.

Adui yuko kwengine, na ajabu ni kwamba watu wazito hawajambo naye. Mwaka 2017 ilitoka kwa simu gofu ya Golf Clash, ambayo haiuzwi kwa bei bali hutolewa bure. Mchezaji akishinda hupewa kisanduku. Kisanduku hakifunguki ila baada ya saa nyingi, au kwa vito. Vito hununuliwa kwa fedha. Ndani ya kisanduku mna kadi za fimbo, na fimbo gani itatoka ni bahati. Mwenye kutoa zaidi hupata fimbo bora zaidi, kisha hukutanishwa na mwengine anayetoa zaidi. Mchezo huo ulipewa tuzo ya BAFTA mwaka 2018, na mwaka 2021 kampuni ya Electronic Arts ikainunua iliyoutengeneza, Playdemic, kwa dola bilioni 1.4. Katika Aprili ya mwaka huohuo wa tuzo, Ubelgiji ilitamka kwamba baadhi ya visanduku vya bahati katika michezo mingine ni kamari kwa mujibu wa sheria zake. Huku basi ndiko lango la klabu lilikorudi, limepakwa rangi na kuitwa bure. Zamani lilikuzuia mara moja, ukaenda zako. Hili hukuingiza ndani, kisha likakutoza kila hatua. Anayemcheka mzee mwenye Game Boy barazani, hali mwanawe yuko chumbani anafungua visanduku, amemkamata mtu asiye mwizi.

Hata watengenezaji wakongwe wenyewe wametikisika. Mario Golf: Super Rush ya mwaka 2021 ilileta, pamoja na gofu ya kawaida, mtindo ambamo wote hupiga kwa wakati mmoja kisha hukimbia kuifuata mipira yao, wakisukumana njiani na kuchoka. Ni furaha ya dakika kumi, na wenye kuipenda wasinyimwe. Lakini mtu aliyedhani kwamba utulivu ndio kasoro ya gofu, iliyohitaji kutibiwa kwa mbio, hakuielewa kazi ya Iwata. Ule muda mfupi kabla ya mbonyezo wa kwanza, wakati mshale wa upepo unatazamwa na hakuna kinachotokea, ndio mahali pekee katika mchezo mzima ambapo mchezaji anafikiri. Kuujaza kwa mbio ni kupiga ngoma katika kituo cha ubeti.

Na la mwisho ambalo watu wa kalamu wangepaswa kuwa wa kwanza kulipigia kelele: kazi hizi zinapotea. Kaseti ya Mario Golf ya mwaka 1999 huhifadhi safari ya mchezaji kwa msaada wa betri ndogo iliyomo ndani yake, na betri hiyo ikifa, Azalea na daraja zake zote hufa nayo. Duka la mtandaoni la Nintendo 3DS, ambalo lilikuwa likiuza michezo mingi ya zama hizo, lilifungwa kwa ununuzi tarehe 27 Machi 2023. Huduma ya mtandaoni ya Everybody's Golf ya PlayStation 4 ilizimwa mwaka 2022, na sehemu za mchezo zilizoitegemea zikazimika nayo. Mwaka 2023 taasisi ya Marekani inayohifadhi historia ya michezo hiyo, Video Game History Foundation, ilitangaza matokeo ya utafiti wake: asilimia 87 ya michezo ya zamani iliyotolewa Marekani kabla ya mwaka 2010 haipatikani tena madukani kwa njia ya halali. Ingekuwa ni diwani, wapenzi wa mashairi wangeandamana. Wanajua vyema ni mashairi mangapi ya mwambao yamekwenda na wenyewe kwa kuwa hakuna aliyeona yanafaa kuandikwa. Na wanajua kwamba yaliyopuuzwa zaidi yalikuwa ya mzaha, ya ngomani na ya harusini, kwa sababu wenye kalamu waliyaona mepesi.

Anayebaki na shaka na aazime kidude hicho kwa jioni moja. Asianze na maneno. Asubiri upepo wa tatu au wa nne ukivuma kutoka kulia, achague fimbo, abonyeze mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu mstarini hasa, na arudie hivyo mashimo matatu mfululizo bila ya kuukosa. Akiweza, arudi kwenye beti alizoziandika wiki iliyopita, azihesabu mizani kwa kidole kile kile.